Mgao wa Alhamisi

Daktari alichora utumbo nyuma ya fomu ya maabara,
mchoro mbaya, kama mpira wa kumwagilia uliotupwa uani.
Akatia alama kwa kalamu nyekundu: hapa.
"Tutakata kipande hiki, kisha tutaunga ncha mbili."
Nikamwuliza, mnaunga kwa soketi au kwa gundi?
Akacheka. Mimi sikucheka.
Miaka ishirini na mbili nafukua mabomba ya Dodoma,
najua kiungo kilichofungwa kwa pupa
hakivuji siku ile. Huvuja wiki ya pili,
usiku, watu wamelala.

Nyumbani nilisema: tumbo.
Kwa mama mkwe kule Mvumi: vidonda vya tumbo.
Kazini: likizo.
Miezi mitatu niliona damu chooni
nikailaumu pilipili, nikailaumu juisi ya rozela,
nikamwaga maji upesi kama mwizi anayefuta nyayo.
Nyemo ndiye aliyeikuta karatasi kwenye mfuko wa ovaroli.
Akaikunjua, akaisoma mara mbili, akasema tu,
"Kumbe na wewe unavuja, na hukumwita fundi."

Wanataka damu chupa tatu,
watu watatu wa kuchangia kabla ya Jumatano.
Nikafungua simu. Majina niliyohifadhi:
Sechelela Tangi.
Ndahani Koki ya Bafuni.
Bi Zaituni Mita Mbovu.
Mchungaji Choo.
Hao ndio watu wangu. Nimelala chali chini ya masinki yao,
sijawahi kukaa kwenye viti vyao.
Kidole kilisimama juu ya Ndahani muda wa kuchemsha chai.
"Mbukwa, fundi! Mbona leo sijakuita?"
"Leo naita mimi," nikasema, na sauti ikakatika,
ikakohoa kama bomba lililoingia hewa,
ndipo ikatoka.

Mwaluko wa Ihumwa alikuja bila kuitwa, habari ina miguu.
Akafunga mlango, akapandisha shati:
mfuko, umebandikwa ubavuni, umetulia.
"Mwaka wa tatu huu. Nalima zabibu, naimba besi kwaya.
Mwanzoni nililia. Uliza lolote."
Nikauliza yale ambayo kwa daktari niliyameza:
unalalaje, unanuka, mkeo anasemaje.
Akajibu yote. Hakunihubiria.

Alhamisi ilikuwa siku ya kunywa dawa ya kusafisha,
lita nne za chumvi yenye ladha ya limau la uongo,
glasi kila robo saa, na choo, na choo, na choo.
Na Alhamisi, Nkuhungu hatuna maji.
Valvu ile huifunga mimi mwenyewe, kila wiki;
wiki hii kaifunga mwingine, kaifunga vizuri.
Saa kumi jioni ndoo ya mwisho
ilikuwa na vidole viwili vya maji na nondo aliyezama.

Nyemo akatoka na kanga begani, hakuniaga.
Sijui aliwaambia nini huko mtaani.
Nilisikia tu geti. Kisha geti. Kisha geti.
Watoto wa Bi Zaituni na toroli linalolia gurudumu,
Ndahani, plasta ya sindano bado mkononi,
Mchungaji na dumu la njano begani, koti limelowa.
Kila nilipotoka, maji yalikuwa yameongezeka,
maji yetu haya ya chumvi, yanayoacha magamba meupe kwenye sufuria.
Sikushukuru vizuri.
Anayekimbilia chooni hashukuru, huinua mkono.

Saa nane usiku nikatoka mwepesi kama dumu tupu.
Upepo ulikuwa ukihamisha vumbi, nyumba hii kwenda ile.
Mlangoni dumu moja lilivuja kwenye kifuniko,
tone, kimya, tone.
Nikachuchumaa, nikakikaza.
Halafu nikakaa hapo hapo juu yake,
nikisubiri gari la alfajiri.