Foleni ya Saa Tisa

Naryn. Theluji imefika madirishani.
Burul amevaa koti la mumewe chumba cha seva,
vidole bado vyanuka vitunguu.

Njia mbili zaingia hospitalini:
moja nene, ya nguzoni, yenye kiburi;
moja ya setilaiti, hukohoa kila upepo ukivuma.

Aliandika sheria, mstari kwa mstari:
picha za mapafu zitangulie,
sauti ya daktari wa Bishkek ifuate,
sinema za zamu ya usiku
(ni Kubat, anajua, na filamu yenyewe anaijua)
zisubiri.

Saa tisa greda la theluji likagonga nguzo.
Burul hakugusa kitu. Alihesabu:
moja, mbili, tatu, nne,
na kifua cha mtoto wa Nurzat
kikageuza njia, kikapanda angani
polepole, kama kabati linalopitishwa mlango mwembamba.

Ghorofani Kubat analalamika:
filamu imekwama kwenye busu!
Burul akacheka peke yake.
Mwenye haraka si lazima awe mwenye kelele.

Sheria moja hajaiandika.
Kuna simu hutoka Moscow alfajiri,
wiki nyingine haitoki.
Aiweke foleni gani?
Kishale kinapepesa.
Anafunga vifungo vya koti, hadi cha juu.