Tarehe Mosi Januari

Lari arobaini, na muuzaji hakunitazama machoni.
Soko la nyuma ya stesheni ya Kutaisi, theluji imegeuka uji,
kompyuta imelala kati ya pasi isiyo na waya na buti za jeshi.
"Inawaka," alisema Zaira.
Hakusema inawaka kwa muda gani.

Niliipandisha orofa tano kwa miguu,
lifti yetu ilikata roho zamani.

Ubavu ulipofunguka ikatoka nyumba nzima ya watu wengine:
vumbi la kukunjika, manyoya ya paka wa rangi ya chungwa,
ganda moja la alizeti.
Nikapiga chafya mara tatu. Nayo ikalia mara tatu,
milio mirefu, skrini nyeusi tii.

Mashine haijui kusema inaumwa wapi.
Hupiga kelele, wewe uhesabu.
Tatu ni kumbukumbu. Nikachomoa kadi zote mbili,
nikasugua meno yao ya dhahabu kwa kifutio cha Ketino
chenye harufu ya stroberi,
nikazirudisha, zikaitika: ta! ta!

Ikawaka. Dakika saba. Ikazima.
Ikawaka. Dakika saba. Ikazima.

Mimi ni mwoka mikate, joto nalijua kwa jina.
Nikagusa bati lililo chini ya feni, mkono ukarudi wenyewe.
Pesti ilikwisha kukauka, imekuwa chaki.
Nikakwangua, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya dengu,
maana hii, sawa na hamira, ikizidi huharibu.

Dakika ishirini. Ikazima.

Hapo nikaitukana tusi la sokoni,
na Lamara akafunga mlango wa jikoni taratibu,
jambo baya kuliko kuubamiza.

Valiko akapanda kutoka orofa ya pili na sanduku lake.
Miaka kumi na tisa alifunga nyaya za malori kiwandani,
hadi kiwanda kikafungwa yeye akiwa bado na zamu ya Jumatatu.
Hakuuliza kitu. Akavaa miwani juu ya miwani,
akainusa bodi, akanionyesha kwa ukucha:
kapasita mbili, vichwa vimevimba.
"Hawa wameshiba," alisema. "Waondoke mezani."
Lehemu ikayeyuka, moshi wa utomvu wa msonobari ukajaa chumbani,
na ile mikono inayomwaga chai kila siku
haikutikisika hata chembe.

Usiku kucha haikuzima.

Ikabaki saa. Kila nikichomoa waya
inaamka tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na tatu.
Betri imekufa, kidude cha ukubwa wa kifungo, bei lari mbili.
Lari mbili ninazo. Nilizitia mfukoni,
nikafika dukani, nikapitiliza.

Kwa kuwa mwaka ule Gela hajaenda Ugiriki.
Bado anavaa shati langu bila kuomba,
bado anakoroma upande wa pili wa pazia,
na mama anagonga ukuta, mnyamaze ninyi wawili,
nami ndiye pekee niliyekuwa nikisema.
Nilikaa mbele ya ile tarehe hadi zamu ya alfajiri.
Sikubofya chochote.

Lakini Ketino anataka ukurasa wa shule,
na kila mlango anaobisha unamjibu:
saa yako haiko sawa, hatuwezi kukuamini.
"Baba," akasema, "inadhani sijazaliwa."

Nikavaa koti.

Sasa inajua leo ni lini. Feni inanguruma bado,
ukiipiga teke la adabu upande wa kushoto inanyamaza.
Na kuna skrubu moja imebaki.
Nimeizungusha kila tundu, hakuna linaloitaka.
Valiko anaapa kwamba kazi njema hubakiza skrubu.
Lamara ameitia kwenye kibakuli cha funguo,
pamoja na ile betri,
ambayo sikumwambia aitunze.