Potasiamu Saba Nukta Tisa

Saa tisa usiku, Zugdidi. Theluji imeziba nusu ya dirisha
na mashine imetema namba nyekundu:
potasiamu, saba nukta tisa.

Kwa namba hiyo moyo hugoma
kama punda katikati ya daraja.

Tsisana anashika simu, anaiacha.
Anainua kichupa kwenye taa.
Maji ya damu, yaliyopasa kuwa na rangi ya nyasi kavu,
yamegeuka waridi, kama maji yaliyooshea nyama.
Chembe zimepasuka njiani.
Gela ameshuka nazo kutoka Mestia,
kona kwa kona, breki kwa breki,
na kila shimo limeisemesha damu neno lisilo lake.

"Mtoeni upya," anawaambia. "Taratibu. Msitikise."

Damu haidanganyi, alifundishwa chuoni.
Hudanganya. Hudanganya kama shahidi aliyepigwa:
husema lolote.

Alasiri Gela anarudi,
kichupa amekipakata ndani ya koti kama kifaranga.
Zamu imekwisha, Tsisana hajaondoka.
Potasiamu: nne nukta mbili.
Moyo wa Nestani mzima!
Anakaribia kucheka,
ndipo safu za chini zinapojaa, moja moja:
kalsiamu juu,
protini juu,
kreatinini ikipanda nyuma yao.
Anaujua ukoo huu. Kwao ni ndani ya mifupa, kwenye uboho.

Mgongo, fomu inasema, unamuuma tangu mavuno ya viazi.
Alipewa dawa ya kuchua.

Sasa anapiga simu.