Sekunde Thelathini na Moja

Changanyikeni, saa tisa usiku. LUKU: uniti mbili.
Darubini ya angani imeshusha namba,
nazichambua kama mchele:
hizi takataka za anga, tupa;
hizi chembe za gama, bakiza.

Mchoro unapanda ghafla, unatetereka,
unashuka taratibu kama homa.
Sekunde thelathini na moja.
Nyota nzima.

Mama Siwema, kaamka kukanda maandazi,
anachungulia dirishani: "Umefiwa?"
Ndiyo. Mbali sana,
kabla Dunia haijapata udongo wa kuzikia.
"Na habari imefika leo?"
Jioni hii.

Hacheki. Anafuta unga mkononi.
"Kaacha nini?"

Narudi kwenye mkia wa mchoro:
chembe mbili, moja, mbili tena.
Mita inaanza kulia.
Haujafika sifuri.