Vuli Imechelewa

Mijakaranda ya Woodley imetangulia,
haikungoja mvua. Imemwaga zambarau
juu ya vigae, juu ya gari bovu la jirani,
juu ya nepi nilizoanika saa nne,
nepi za zamani, za Nasimiyu,
zilizolala miaka minne sandukuni
na bado zanukia naftalini na maziwa.

Nazihesabu. Kumi na tisa. Zilikuwa ishirini na nne.
Tano zimekuwa matambara ya kufutia baiskeli;
namjua aliyefanya hivyo
wala sitamwuliza leo.

Leo Jumamosi. Makokha yuko uani, kavua shati,
anapaka rangi kitanda cha mtoto.
Nyeupe, tulikubaliana, nyeupe tupu.
Lakini mti nao una yake:
kila akimaliza ubavu mmoja, ua linaanguka,
linanata.
Analibandua kwa ukucha, anapaka tena.
Ua jingine.
La kumi na moja ameliacha,
akaniangalia kama mtu aliyefungwa bao na mtoto,
nikacheka hadi huyu wa ndani akanipiga teke
la mbavuni, nikakaa.

Siku hizi nakaa sana.
Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nakaa ngazini,
nakaa kliniki kwenye benchi, namba thelathini na mbili.
Viatu nafungwa na mtoto wa miaka minne:
kamba ya kushoto fundo moja, ya kulia mafundo matatu,
"Ili usidondoke, Mama."
Nami nakubali kufungwa.

Mimba ya kwanza niliisoma kama mtihani,
wiki hii dengu, wiki ile limau.
Hii ya pili naisahau sokoni,
naikumbuka nikishindwa kupita
kati ya mafungu ya viazi.
Si kwamba nampenda kidogo.
Ni mikono tu ina kazi, naye
anakuja nyumba ikiwa na kelele tayari.

Kwao Makokha mtoto hupewa jina la majira.
Wa kwanza alizaliwa kiangazi,
Januari, mabomba yanakohoa hewa,
akaitwa Nasimiyu.
Huyu ni wa vuli: Nafula, au Wafula,
jina limeshatengwa kama sahani ya mgeni.
Ila vuli yenyewe haionekani.
Upande wa Ngong limesimama wingu moja tangu Jumanne
kama mdai mlangoni asiyepiga hodi.
Mama kapiga simu kutoka Wundanyi:
"Na isiponyesha mtamwita nani? Mpeni langu."
Akakata kabla sijajibu.

Jioni, chapati ya tatu ikiwa kikaangoni,
Nasimiyu akaja, rangi hadi viwikoni,
akaniwekea sikio tumboni.
"Kimya. Baba, zima redio."
Redio ikazimwa.
Chapati ikaanza kuungua, hakuna aliyethubutu kuigeuza.
"Mama," akasema kwa sauti ya daktari,
"huku ndani kumeshanyesha."

Makokha akapiga magoti asikilize naye.
Vichwa viwili vyenye nywele za chokaa
juu ya tumbo langu, nyuso zimekunjwa,
kama mafundi wanaotafuta bomba linalovuja.
"Kweli," akasema baba mtu. "Tena ya mawe."

Tulikula ile iliyoungua kwanza,
tukagawana vipande vitatu, kisha Nasimiyu
akavunja kingine, akakiweka kando.
Hakusema ni cha nani.

Usiku nimeamka mara ya tatu, kama kawaida yangu sasa,
na kupitia dirisha la msalani nikaziona
nepi bado kambani, nimezisahau,
kumi na tisa, kila moja na ua lake.
Kitandani pa mtoto, uani, maua yamekauka ndani ya rangi;
hayatatoka tena.
Nikashika kandambili nitoke nizianue.
Mlangoni harufu ikanijia, nikadhani ni rangi.
Si rangi. Ni udongo.
Tone likagonga beseni, likafuatwa na jingine,
kisha kumbikumbi wa kwanza akaja kwenye taa,
mlevi, mwenye mabawa mengi kuliko akili.

Nikaziacha nepi zilowe.
Nikarudi kumwamsha mtu.