Herufi Tisa

Bei yangu ni kwa herufi,
Barabara ya Kumi na Mbili wote wanajua.
Nukta bure. Mkwaju bure.
Tarakimu ya tarehe nahesabu kama herufi,
na vibao vya Inna lillahi ninavyo tayari,
nilivichonga ishirini mwaka wa kipindupindu,
vimebaki vitatu.

Akaja Mbaruku, mchukuzi wa bandarini,
nyuzi za katani zimemganda shingoni.
Akafungua leso, akahesabu noti mara mbili,
ya pili polepole,
kana kwamba zingeongezeka kwa kuona haya.
Zikatosha herufi tisa.

Mwanatumu.
Tukalihesabu kwa vidole,
yeye mkono wake wa kulia, mimi wangu wa kushoto,
kikabaki kidole kimoja kimesimama.
Akakitazama. "Hapo ndipo pa binti nani," akasema.
"Hatutapaweza."
Na "hapa amelala"?
Nikamwambia, jiwe likishakaa kichwani pa mtu
hilo lishasemwa.

Mwaka juzi alipita mwalimu wa lugha za kale,
mtu wa Pangani, miwani imefungwa kwa uzi.
Nilimpakia kwenye baiskeli mpaka Tongoni.
Aliipapasa minara ya makaburi
kama mkunga apapasavyo tumbo,
akatia ngumi katika mashimo ya duara
yalimokaa mabakuli ya kichina kabla hayajang'olewa.
Akanihadithia: kule mbali, Tadmuri, Petra, Saba,
watu walisimamisha jiwe juu ya maiti wao
na jiwe lenyewe wakaliita nafsi.
Si alama ya nafsi.
Nafsi.
Wakachonga: hii ni nafsi ya fulani bin fulani,
na Tadmuri wakamalizia kwa neno moja, ole.
Kule Saba wengine waliweka jina na macho mawili tu,
makavu, yakimkodolea apitaye,
na pengine laana kwa atakayeling'oa.

Nilicheka. Nikasema, basi mimi nauza nafsi kwa herufi.
Hakucheka. Akaomba maji ya kunywa.

Tangu hapo patasi imekuwa nzito.
Nafsi: itilie irabu moja, inakuwa nafasi,
futi sita kwa mbili.
Shehe wa msikiti wa jirani husema
kaburi lisijengewe, lisiandikwe,
mvua iachiwe kazi yake.
Sibishani naye. Mama yangu hana jiwe.
Kuchonga nilijua,
sikujua tu pa kuanzia.

Jiwe la Mwanatumu lilitoka Kiomoni, jeupe,
pembeni lina konokono aliyegandia humo
kabla ya majina.
M ikaingia vizuri. W ikaingia.
Mbaruku amechuchumaa, anajichambua katani uzi kwa uzi,
kila herufi anaitamka kwa midomo, bila sauti.
Kwenye U ya mwisho patasi ikavunjika ncha.
Nikamalizia na ile ya marehemu baba, butu,
U ikatoka nyembamba, haikuzama,
mkwaruzo wa kuonekana tu jua likija ubavuni.
Nikasema, hiyo moja nakurudishia pesa yake.

Akapitisha kidole gumba kutoka M,
akaenda, akaenda,
mpaka kidole kikakosa pa kuingia.
"Iache," akasema.
"Hata mwenyewe, siku zile za mwisho,
jina lake alilimalizia ndani.
Pumzi ilikuwa haifiki."

Noti aliikataa, na mimi nikaikataa.
Mpaka leo imo kwenye mkebe wa misumari,
sijui ni ya nani.

Akalitupia jiwe begani kama robota la mkonge,
maandishi yakiangalia nyuma,
akaondoka bila kuaga.
Nami nimesimama mlangoni, vumbi mpaka kopeni,
zile A zake mbili zikinikodolea
hatua kwa hatua
hadi alipokata kona.