Hati ya Kuiva Mwezi wa Tatu

Kijana wa benki, Patient Mwansa,
ana kalamu mbili mfukoni
na meza safi kama sahani ya mgeni.
"Mama Kaseba," anasema, "Serikali inakopa.
Ukiipa dola elfu mbili leo,
kila miezi sita inakuletea riba yako,
na hati ikiiva, mtaji unarudi mzima."

Ikiiva.
Nimelipenda hilo neno.
Mimi nauza mahindi soko la Kenya,
nakijua kinachoiva
na kinachooza kingali kibichi.

Nikamwuliza: na huko mbele, soko unalionaje?
Akachora ndoo mbili, kamba moja, kisima kimoja:
riba ikipanda, bei ya hati inashuka,
riba ikishuka, bei inapanda.
"Usipouza katikati, ndoo hazikuhusu.
Wewe kaa, mama. Ngoja."

Kaa. Ngoja.
Mwanangu, hayo masomo niliyamaliza Katuba
kabla mama yako hajakubeba.

Mume wangu Nkulu alikuwa fundi wa tanuru.
Alirudi na harufu ya shaba kwenye nywele,
gunia la mposho begani,
mshahara katika bahasha ya kaki.
Kisha mposho ukakonda.
Kisha bahasha ikaja na karatasi tupu ya hesabu:
jina lake, namba yake, siku alizofanya,
jumla kwa wino mzito,
na chini kabisa mhuri: ITALIPWA.
Miezi thelathini na sita ya italipwa.
Kila asubuhi alivaa kofia yake ngumu
akaenda kuikopesha kampuni mikono yake,
bila riba, bila tarehe,
bila kijana wa kumchorea ndoo.

Unga haujui italipwa.
Niliuza cherehani.
Niliuza saa ya ukutani, tukawa tunauliza saa kwa jirani.
Niliuza kitanda cha wageni, na wageni wakaacha kuja.
Nkulu alikufa mwezi wa sita, kwenye baridi,
tajiri wa karatasi.

Basi niambie, Patient,
hiyo Serikali yako ni ile ile,
au imebadilisha shati?

Hakucheka. Akaweka kalamu chini.
Akasema baba yake alikuwa wa reli,
naye aliacha mihuri yake ndani ya sanduku.
"Lakini hii ina siku, mama. Ona hapa.
Kumi na nne, mwezi wa tatu."
Kidole chake kilitetemeka kidogo juu ya hiyo siku,
na nilichokiamini ni hicho kidole,
si kile kitabu chao chenye picha ya jengo.

Sikutoa elfu mbili. Nilitoa mia tano.
Mia nane zinazunguka kwenye likelemba ya Kamalondo,
na wanawake wale wakichelewa, milango yao naijua.
Zilizobaki ni magunia ya mahindi chumba cha nyuma,
yanangoja mwezi wa kwanza, njaa ipandishe bei.
Hiyo nayo ni riba,
ingawa siisemi kanisani.

Nyumbani nikafungua kopo la maziwa
ambamo karatasi za Nkulu zimelala,
njano sasa kama majani makavu ya mgomba.
Nikaiweka hati mpya juu yake.
Nikaitoa.
Nikaiweka chini.
Halafu nikachanganya zote kama karata
na kufunga kopo.

Nje, upepo unashuka kutoka ule mlima mweusi,
mavi ya shaba waliyomwaga akina Nkulu
toroli kwa toroli.
Wanasema siku hizi hata mlima una wanunuzi,
kuna mali ndani.
Takataka yao imeiva yenyewe,
na waliomwaga hawapo.

Nikasonga bukari, nikala peke yangu.
Tarehe kumi na nne itakuwa Jumanne.
Nimeshaangalia.